Uzinduzi wa Maabara ya Picha, Bunia

Nyuma ya mlango huu wenye utepe nimeficha kitu kimoja tangu mwaka wa 2003. Marehemu mke wangu hakukijua, padri wangu hakukijua, na leo, kabla sijafa, nitakifunua mbele yenu nyote. (Makofi. Sauti: “Mashini! Iko mashini!”) Lakini mambo makubwa yana itifaki yake, na mtu aliyeishi miaka yote kwa itifaki hajui njia ya mkato. Kwa hiyo nianze.

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mheshimiwa ambaye amezuiliwa na majukumu makubwa ya kitaifa. Walinzi wake, ambao nawaomba waelekeze bunduki chini. Waheshimiwa machifu wa mitaa, mlio kazini, mliosimamishwa na mnaojitangaza wenyewe. Wapendwa mapadri, wachungaji na shehe, mlioketi kwa umbali wa kistaarabu. Wasomi wa ngazi zote, pamoja na wale ambao kazi zao za kumalizia masomo bado ziko mezani kwangu. Wawakilishi wa mashirika ya msaada, mnaotambulikana kwa fulana. Bwana Vital, mkuu wa itifaki, ambaye ananionyesha saa hata sijaanza. Mama Clémence, niliyeagiza upewe kiti cha mbele, na shemeji yako Augustin. Wakaaji wa mtaa wa Saio. Nanyi nyote mliokuja kwa sababu ya soda: kwa vyeo vyenu na sifa zenu, itifaki ikiwa imezingatiwa, nawasalimu. (Makofi marefu. Sauti: “Na hiyo soda iko wapi?”)

Mtanisamehe kwa kuwahutubia nimeketi. Zamani nilisimama mimi, na wasikilizaji ndio waliokuwa wakianguka. (Kicheko.) Sasa kifua hakiruhusu. Nitakirudia kifua changu baadaye, kwa maana kimo kwenye ajenda.

Kundi la Uchambuzi wa Picha Ituri, yaani KUPI, ambalo ninayo heshima ya kuwa Prezida-Mwanzilishi wake, Mkurugenzi wake wa Kisayansi na, kwa kukosekana kwa mgombea mwingine, Katibu wake wa Kudumu, lilizaliwa wakati ambao mji huu ulikuwa ukibadilisha wenyewe kama mtu anavyobadilisha shati. Shule zilifungwa. Profesa asiye na wanafunzi alikuwa mzee mwenye miwani tu. Mwenye cheo ndiye aliyepewa kiti, na mwenye herufi nne juu ya bandero, kitambaa cha kutangaza jina, ndiye aliyeachiwa njia, kwa sababu siku hizo kila mwenye herufi alikuwa na bunduki. Siye tulikuwa na herufi bila bunduki, jambo ambalo rapoti yetu ya kwanza ililiita mkabala bunifu. (Makofi upande wa wasomi.)

Uchambuzi wa picha, kwa ndugu ambao hawakubahatika kufika darasa langu, ni elimu ya kuifanya mashine itazame picha na kueleza kilichomo: hii ni nyumba, hili ni shamba, huyu ni mtu. (Sauti ya mzee mmoja: “Hata mutoto anajua kama huyu ni mutu!”) Mtoto anajua, ndugu yangu, lakini mtoto hana viashiria vya mafanikio. (Kicheko.) Na kwa kuwa sayansi isiyotoka nje ya ukuta wake ni ukuta tu, Kundi liliweka nguzo yake kuu katika kuifikia jamii na kushirikiana na watu wa taaluma mbalimbali. Tuliandaa Siku ya Milango Wazi, ambayo kwa sababu za usalama ilifanyika milango ikiwa imefungwa. Tuliwapa mafunzo wapimaji wa ardhi ya namna ya kusoma picha zilizopigwa kutoka angani, na kwa kuwa hatukuwa na picha zilizopigwa kutoka angani, tulitumia njia shirikishi: kila mmoja alifumba macho akaeleza shamba lake lilivyo likitazamwa kutoka juu. Wawili walilia, kwa sababu mashamba yao yalikuwa Djugu, walikokimbia vita. Tuliandika kwamba washiriki waliguswa sana na mafunzo.

Katika ngazi ya kimataifa nilikwenda Kampala, kwenye kongamano, nikaonyesha picha yangu nikionyesha picha kwenye kongamano lililotangulia. (Makofi.) Na kwa upande wa takwimu, asilimia tisini na saba nukta nne ya waliohojiwa walisema wameridhika na KUPI, na waliobaki walikuwa wamekimbilia Irumu kabla hatujamaliza swali.

(Bwana Vital anainama sikioni mwa msemaji: “Prezida, fupisha. Jua iko kali.”) Bwana Vital anasema mnafurahi sana na anaomba niendelee.

Hakuna kikundi bila watu. Idara yetu ya Upataji wa Taswira ilikuwa na mkuu mmoja, ambaye ndiye idara nzima: Fabien, mpiga picha wa Saio, mume wa Mama Clémence. (Minong'ono. Wengi wanageuka kumtazama Mama Clémence.) Nani kati yenu hakupigwa picha na Fabien? Mlisimama mbele ya kile kitambaa chake kilichochorwa ndege na maporomoko ya maji, mkatoka kwenye picha kana kwamba mmefika Ulaya na mvua imewanyea. (Kicheko kikubwa. Sauti ya mwanamke: “Miye alinichoreshea mpaka kivuli cha ndege kwa kichwa!”) Nilipompa cheo alicheka. Akaniambia, “Prezida, miye ninajua kubonyeza tu. Hii ‘Upataji wa Taswira’ nitaipatia wapi?” Nikamjibu kwamba atazoea. Akazoea. Nikampa kipaza sauti, naye akazunguka mitaa akiwaeleza watu kwa maneno niliyomwandikia kwamba mashine ya KUPI huona ndani ya picha kile ambacho jicho haliwezi kuona.

Hapo, mabibi na mabwana, ndipo mafanikio yetu yalipovuka matarajio. Watu waliamini. Mmoja alileta picha ya mbuzi aliyeibwa. (Sauti: “Na mpaka leo hamukunijibu!”) Binti mmoja alileta picha ya mchumba aliyeko Kisangani, mashine iseme kama ana mwingine. Kisha, vita vilipozidi, wakaanza kuleta picha za watu wao waliopotea. Walipanga foleni nje ya kiwanja hiki, picha zikiwa zimefungwa ndani ya vitenge. Fabien alikuja kwangu siku hiyo bila kucheka. “Muzee,” alisema, “hawa watu wanalia. Tuambie ukweli, ile mashini iko ao haiko?” Nikamwambia mashine iko njiani. Katika taasisi kubwa, kitu kilicho njiani huhesabiwa kuwa kimefika.

Sasa nifike kwenye ujumbe wetu wa Djugu, ambao ni kilele cha kazi yetu ya kuifikia jamii, na ambao picha yake mnaiona nyuma yangu, imekuzwa, imetundikwa kwa agizo langu asubuhi ya leo. (Makofi.) Tazameni vizuri: wakulima wa Djugu, waume kwa wake, mbele ya kanisa lao, wameshika bandero yetu. Rapoti ilihitaji ushahidi wa picha kwamba KUPI imefika vijijini. Mkuu wa ujumbe nilikuwa mimi. Asubuhi ya safari nilisikia kwamba njia si nzuri, nikajigundua kuwa na majukumu mazito ya uratibu, nikaamua kuuongoza ujumbe kutoka kitandani. Fabien alipanda pikipiki ya dereva Katsuva na kamera shingoni. Bandero niliichora mimi, na nilimwagiza fundi herufi ziwe kubwa, nyekundu, zionekane kutoka mbali, kwa sababu kuonekana ni nusu ya kazi ya mradi wowote. (Makofi machache.) Rapoti iliandika: ujumbe ulifanikiwa, mkuu wa Idara ya Upataji wa Taswira anaendelea na kazi za uwanjani.

(Mama Clémence anasimama. Bwana Vital anampa ishara aketi. Haketi.)

Mwacheni asimame, Vital. Wiki chache baada ya safari ile, mama huyu alifika ofisini kwangu na picha ya mumewe. Mpiga picha huwa hana picha zake. Hii ilikuwa moja tu, Fabien mbele ya kioo cha studio, kamera imemfunika jicho moja, jicho la pili linacheka. Alisema, nami sijasahau hata neno: “Prezida, mume wangu mwenyewe alisema mashini inaona. Basi itazame hii. Iniambie kama iko muzima ao iko mufu, nijue kama ninavaa nguo ya kilio ao ninapika.”

Niliichukua picha kwa mikono miwili. Niliingia nyuma ya pazia, ambako palikuwa na mashine yetu, yaani projekta ya zamani isiyo na taa, iliyofunikwa kitambaa cha meza. Nilikaa hapo muda ambao niliona unafaa kwa sayansi. Nikarudi. Nikamwambia: “Mama, uchambuzi umeonyesha yuko hai. Endelea kupika.”

(Sauti ya mwanamke: “Yesu.”)

Akaendelea. Mpaka jana jioni, kwa ninavyoambiwa na majirani wa Saio, sahani ya bugali na sombe iliwekwa mezani mahali pa Fabien. Matanga hayakuketiwa, kwa sababu mtu hai haombolezwi, na Augustin hapa, kaka yake mkubwa, ambaye ndiye mwenye haki ya kuyaita, aliwajibu wazee wa ukoo kwamba Profesa amepima kwa mashine, nani kati yenu anajua zaidi ya mashine? Mama yao alikufa mwaka jana akiuliza kama Fabien amepelekewa habari kwamba anaumwa. Nilihudhuria maziko. Nilitoa hotuba.

(Mama Clémence: “Prezida, miye niko na neno.” Bwana Vital: “Mama, maswali ni mwisho.” Mama Clémence: “Ngojea weye. Prezida, ile foto kubwa nyuma yako. Ile bandero, Fabien alikwenda nayo siku ile ile. Niliifunga miye mwenyewe kwa pikipiki. Kama Fabien hakurudi, ile foto ilirudi na nani?”)

(Augustin anasimama.)

Hilo ni swali zuri, Mama, na nimelingoja tangu asubuhi. Niliitundika picha hiyo ili liulizwe, kwa kuwa sikuwa na uhakika kwamba ningekuwa na moyo wa kulijibu bila kuulizwa. Ketini wote. Augustin, keti, kaka. Utakuwa na wakati wa kusimama, nami sitakimbia, kwa miguu ipi?

Nimesema kifua changu kimo kwenye ajenda. Mwezi uliopita Daktari Michel alikipiga picha. Hana mashine ya uchambuzi. Aliishika ile picha nyeusi mbele ya dirisha, akaitazama, kisha akanitazama mimi, akasema: “Profesa, ni mbaya, na ni muda mfupi.” Hakusema uchambuzi unaendelea. Hakusema niendelee kupika. Niliondoka pale nikiwa na hasira naye, na kufika nyumbani hasira ikageuka kitu kingine. Nikawaza kwamba maisha yangu yote picha moja tu imechambuliwa ipasavyo mbele yangu, nayo ni ya mapafu yangu, na ilichukua sentensi moja.

(Sauti kutoka nyuma, kwenye pikipiki: “Sema, muzee. Ao nitasema miye.”)

Huyo ni Katsuva. Mwacheni. Amenyamaza kwa sababu nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyempakia Fabien, na watu watasema yeye ndiye aliyempeleka auawe. Kwa maneno hayo nilimfunga mdomo mtu asiye na kosa.

Djugu walifika salama. Wakulima walimpokea Fabien, wakamchemshia viazi, wakashika bandero, akawachekesha mpaka wakacheka mbele ya kamera kama mnavyowaona. Walipokuwa wanarudi, Fabien aliifunga bandero mgongoni ili isichanike kwenye pikipiki. Kwenye bariera, kizuizi cha barabarani, walikuwapo vijana wenye silaha ambao sitawataja, kwa kuwa siwajui, na hata Katsuva hakuwajua. Vijana hao walizijua herufi za kila jeshi la Ituri, za marafiki na za maadui. Herufi zetu hawakuzijua. Waliziona kutoka mbali, Mama. Nilihakikisha zinaonekana kutoka mbali. Waliuliza hizo herufi ni jeshi la nani. Fabien akajibu, “Si jeshi, baba zangu, ni mambo ya picha tu,” akaanza kuwaeleza habari za mashine inayoona. Wakacheka. Wakauliza mashine iko wapi. Hakuwa na la kuonyesha.

(Mama Clémence ameketi. Wanawake wawili wamemshika mabega.)

Katsuva alimleta kwangu mchana, amefungwa mgongoni mwake kwa bandero ile ile, kwa sababu mkuu wa ujumbe nilikuwa mimi. Mji ulikuwa unawaka na njia ya makaburini ilikuwa imefungwa. Hayo ni kweli, lakini si sababu ya kuwaficha. Sababu ni kwamba niliogopa Augustin atakuja na ndugu zake kuchoma nyumba yangu. Na sababu nyingine, ambayo ni ndogo na mbaya zaidi, ni kwamba nilitaka rapoti iondoke wiki hiyo. Maiti ndani ya rapoti huhitaji maelezo, picha haihitaji. Nilimvua kamera shingoni kabla sijamfumba macho.

(Augustin: “Muzee, uko unajua unasema nini?”) Najua, kaka. (Mzee mmoja: “Acha amalize.”)

Namaliza. Kila hotuba humalizika kwa kaulimbiu na shukrani. Sayansi, oyee! (Kimya.) Picha, oyee! (Kimya.) Vema.

Namshukuru mwakilishi wa mwakilishi, ambaye naona ameondoka na walinzi wake. Nawashukuru wajumbe wa bodi ya KUPI, ambao ni mimi. Nawashukuru washirika wetu wa Ulaya, ambao ni bwana mmoja niliyesimama naye kwenye foleni ya chai huko Kampala, akanipa anwani yake kwa adabu. Rapoti zote nilimtumia yeye, na hii yenye picha ya Djugu nilimtumia yeye, hakujibu hata moja, na hakuwahi kuniomba ushahidi wa picha, wala wa kitu kingine chochote. Hakukuwa na mashine njiani. Hakukuwa na mradi. Lilikuwapo jina, nililolitunga ili niendelee kupewa kiti. Mliokuja na picha za watu wenu, zote zipo, nimezileta, Vital atawarudishia mmoja mmoja, hakuna iliyotazamwa. Ya Fabien iko hapa mfukoni mwangu. Hii nilikuwa nikiitazama.

Mtaona kwamba soda haijaletwa. Kule nyuma kuna chai na sukari, na viti hivi pamoja na turubai nimevikodi kwa wiki nzima, kwa jina la Augustin, si kwa jina la Kundi. Anayetaka kuondoka aende kwa amani. Anayebaki abaki kama watu wanavyobaki kwenye nyumba yenye kilio. Na mimi, kaka Augustin, nitakuwa kwenye kiti hiki hiki. Baada ya kumlilia mdogo wako mtakaa wazee na kuamua juu yangu, na sitaomba nitetewe.

Mama Clémence, shika mkasi. Haukuletwa kwa ajili ya mheshimiwa. Nilipokwambia upike, nilikuwa nimemzika siku nyingi. Kuta hizi nilizijenga baadaye ili nguruwe wasifukue, na kibao cha maabara nilikipigilia ili asiingie mtu. Ukikata utepe na kusukuma mlango hutaona mashine, hutaona meza, hata paa hakuna. Kuna majani, na msalaba wa mbao aliouchonga Katsuva, hauna jina kwa sababu nilimkataza kuliandika. Ni Fabien.